Kontena Lililotoka Jasho Myanga

Watu wa Mombasa wanadhani bandari ni yao. Nimewaambia mara nyingi, nikiwa nimekaa nao kwenye mabenchi ya Changamwe nikila viazi karai: bandari ni yetu sote, na mkia wake unapita Bungoma na Kitale, unavuka mpaka, unaingia Uganda hadi huko ndani ambako hata mimi sijafika. Wananicheka. Wanasema mtu wa bara aliyeiona bahari ukubwani ana maneno mengi. Sibishani nao. Nilisoma hadi darasa la nne, kalamu ikanishinda, lakini macho hayajawahi kunishinda. Yale ambayo wenye digrii wanayaandikia ripoti, mimi niliyaona nikiwa nimekaa juu ya gunia.

Nilianza na baiskeli. Nilikuwa nazunguka mashamba ya Moi's Bridge nikinunua mahindi kwa gorogoro, kopo la kilo mbili, nyumba kwa nyumba, jioni nayajumlisha yanakuwa gunia. Nilitoka kwetu Sirisia na shati moja na hiyo baiskeli, na hata hiyo baiskeli haikuwa na breki. Baiskeli ikazaa pikapu, pikapu ikazaa lori, na miaka ya elfu mbili ilipoingia nilikuwa na nyumba ya mawe Kitale na watu wazima waliosoma wakiniamkia barabarani. Hakuna aliyenishika mkono. Nalisema hili bila kuona haya, maana ni kweli.

Lori ndilo lililonipeleka Mombasa. Nilikuwa nashusha mahindi kule kwa wasagaji unga, halafu sikubali lori lirudi tupu. Kurudi tupu ni ujinga. Basi nikawa nashinda siku nzima karibu na lango la bandari nikitafuta cha kubeba, na hapo ndipo nilipolijua jiji lile kuliko wenyeji wake. Meli moja ikifunga kamba Kilindini, usifikiri wanaokula ni wenye meli peke yao. Anakula kuli anayeshusha. Anakula mama anayemkaangia kuli viazi. Anakula anayemshonea mama yule aproni, na mwenye nyumba anayempangisha huyo fundi cherehani, na askari wa geti, na fundi wa kuziba pancha, na muuza kamba za kufungia mizigo, na mwenye gesti ya madereva. Mtaa mzima unasubiri honi ya meli. Halafu fuata barabara mpaka kwetu uone: nguo za mitumba zinazotandikwa soko la Kitale zimepita pale, tairi za baiskeli za Bungoma zimepita pale, mbolea tunayopandia imepita pale. Dereva wangu, mtu wa maneno machache aliyewahi kuendesha malori ya Dar es Salaam kwenda Zambia, aliniambia Dar ni vile vile, na kwamba ndugu yake aliyefika Durban alisema na huko ni vile vile, isipokuwa viazi ni ghali.

Sasa, kitu kilichonishika moyo pale bandarini hakikuwa meli. Kilikuwa kontena.

Wenzangu walikuwa wanaona sanduku la chuma. Mimi nilikuwa naona ghala. Lazima uelewe kwamba mtu wa mahindi anaota ndoto moja tu: mahali ambapo dumuzi, wadudu watoboao punje, hawaingii, panya hawaingii, na mwizi akija anaumia vidole. Na hapo mbele yangu yamepangwa moja juu ya jingine kama matofali, na uani Changamwe kuna mtu anauza yale yaliyozeeka ambayo wenye meli hawayataki tena. Nililigonga moja kwa kiganja. Lilijibu kwa sauti nzito kama ngoma ya kanisa. Nikaingia ndani, dereva akanifungia mlango kwa mzaha, na giza lililokuwamo lilikuwa giza kamili, hakuna hata tundu la sindano. Nikasema moyoni, dumuzi, leo umepatikana.

Siku hiyo hiyo, upande wa pili wa ua, makuli walikuwa wanalitayarisha kontena la kahawa ya kwenda ng'ambo. Kabla ya kupanga magunia walikuwa wanabandika makaratasi ya kaki ukutani na darini, taratibu, kama watu wanaopamba sebule ya bibi harusi. Nilimwambia dereva kwamba hawa watu wa pwani wanapenda urembo kupita kiasi. Nikalilipia lile kontena nililoligonga. Tukapakia kontena letu, tukaondoka.

Nilikuwa nimeshajua litakaa wapi. Mama watoto ni wa Myanga, kule Bungoma, na mama yake, yaani mama mkwe wangu, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wa pale sokoni. Kila mwaka mambo yao yalikuwa yale yale. Wanavuna Agosti, ghala za nyumbani zinashambuliwa na wadudu, kwa hiyo wanauza haraka kwa mabroka kwa bei ya kutupa. Aprili njaa ikibisha wananunua mahindi yale yale kwa mabroka wale wale. Nilikuwa mmoja wa hao mabroka, kwa hiyo nilikuwa najua ninachosema. Kina mama walikuwa wanataka kuweka mavuno yao yote pamoja mpaka bei ipande, wauze kwa pamoja, wanunue kinu chao cha kusaga. Walichokosa ni mahali pa kuweka.

Lakini kulikuwa na jambo la adabu. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hampeani mikono, hamli meza moja, hamwangaliani usoni. Mkikutana njiani mmoja anapisha. Niliwahi kutumbukia kwenye mtaro wa maji na suti yangu mpya kwa sababu nilimwona anakuja na mwavuli wake mweusi, naye kwa upande wake alikuwa ameshaingia shamba la mihogo la watu. Tangu nioe, tulikuwa hatujasemezana hata neno moja. Ikiwa ana ujumbe anamtuma binti yake, ikiwa nina ujumbe namtuma mke wangu, na huyo ni mtu mmoja, akitembea katikati na maneno yetu kama karani.

Basi nilimtuma. Nikasema mwambie mama ninaleta ghala la chuma kutoka baharini, kina mama waweke mahindi yao humo. Jibu lililorudi nalikumbuka mpaka leo. Mke wangu alikaa kitako akalisema taratibu ili asilikosee.

"Mama anasema kina mama wengine walikataa. Walisema kumpa broka mahindi ni kumpa fisi mbuzi. Yeye amewaambia ndiyo. Anasema ameweka ndiyo kwa sababu ni wewe."

Nilifurahi kama mtu aliyepewa uchifu. Sikufikiria kwamba ndiyo ile ilikuwa mzigo.

Siku kontena lilipofika Myanga, hata mahubiri ya mkutano wa uwanjani yalikatika. Kreni hatuna, lakini akili tunayo. Nilitandaza magogo ya mkaratusi nyuma ya lori, nikafunga mnyororo kwenye kontena na ncha nyingine kwenye mti mkubwa wa jirani, nikamwambia dereva asonge mbele polepole. Lori likaenda, sanduku likabaki limeshikwa na mti, likateleza juu ya magogo na kulia kama ng'ombe, likatua. Vumbi liliponyanyuka watu walipiga makofi. Mzee mmoja aliuliza ni jeneza la nani. Mwendesha boda boda akamjibu kwamba ni la mabroka wote wa Bungoma, na kwamba mimi nitatangulia. Tulicheka. Kwa mbali, karibu na duka la chumvi, niliona mwavuli mweusi umeinamishwa. Nikageuza uso.

Nilisimamia kazi ya kuweka mahindi mwenyewe. Kila gunia nilichukua punje nikaiuma kwa jino, kama tunavyofanya wote. Ikilia ka, imekauka. Ikibonyea, inarudi juani. Mengi yalilia vizuri, mengine nusu nusu, lakini mawingu yalikuwa yanakusanyika na kina mama walikuwa na haraka. Halafu nikafanya jambo ambalo wakati ule nililiona ni la busara kuliko yote. Juu kabisa kwenye pembe za kontena kulikuwa na vitundu vidogo vilivyofunikwa na kibati. Nikasema, hapa ndipo wale waliotengeneza sanduku walipolala usingizi, dumuzi atapita hapa. Nikachemsha lami, nikapanda ngazi, nikaviziba vyote.

Nilipofunga mlango nikasimama mbele ya soko nikatoa hotuba. Niliwaambia sanduku hili limepigwa na mawimbi ya bahari kuu, limepita mahali ambapo hakuna nchi kushoto wala kulia, na halikuingiza tone. Mvua ya Bungoma italifanya nini? Watu walitingisha vichwa. Funguo nikamwachia mwekahazina wa kikundi, nikarudi Kitale kwenye shughuli zangu.

Wiki chache baadaye maneno yakaanza kuja. Kwanza mke wangu alisema, kama mtu anayesimulia habari ya hali ya hewa, kwamba ndani ya kontena kuna kaharufu. Nikasema ni harufu ya chuma. Halafu akasema mwekahazina aliingia kutoa gunia la matanga, akatoka na kilemba kimelowa, na ilikuwa siku ya jua kali. Wengine walimcheka, ati amejimwagia maji apate la kusema. Nilisema kwa sauti, tena nikiwa na wageni sebuleni, kwamba huyo mama ametoka jasho mwenyewe, maana ndani kuna joto na yeye ana mwili. Wageni walicheka sana. Mke wangu hakucheka. Nilijua kwamba akifika Myanga atalipunguza makali jibu langu, na nilijua pia kwamba maneno ya Myanga yanapunguzwa makali kabla hayajafika kwangu. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi kwa amani.

Ujumbe wa mwisho ulikuwa mfupi. Mama anauliza kama unaweza kupita uangalie. Nikasema nitapita nikipata nafasi.

Nilipita siku ya soko, mchana, kwa sababu nilikuwa na safari ya Malaba na Myanga haikuwa mbali na njia yangu. Mwekahazina alinifungulia mlango bila kunisalimia vizuri, akarudi kwenye mboga zake. Nikaingia. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na dari, na katikati tulikuwa tumeacha kinjia. Nilikuwa bado nazoesha macho giza niliposikia ukuta wa nyuma ukigongwa. Taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

"Mkwe wangu."

Nilisimama kama nguzo. Sauti ile nilikuwa naijua kutoka kanisani, ikiimba katikati ya sauti nyingine, lakini haikuwahi kuelekezwa kwangu.

"Naam, mama."

"Uko ndani?"

"Niko ndani."

"Basi kaa hapo hapo, usitoke. Mimi niko huku nyuma na siji upande wa mlango."

"Sawa, mama."

Nilisikia mwavuli ukifungwa.

"Nimemtuma mtoto wangu kwako nikachoka. Nikimpa maneno machungu, yakifika Kitale yamekuwa asali. Leo nimeyabeba mwenyewe. Hii sanduku yako inatoka jasho."

Nilitaka kuanza maneno yangu ya mawimbi na bahari kuu. Hakunipa nafasi.

"Panda juu ya gunia. Inua mkono, gusa juu."

Nilipanda. Nilikuwa mtu mzima mwenye lori na nyumba ya mawe, na nilipanda kama mtoto aliyetumwa. Dari ilikuwa imejaa matone, yamepangana kama upele. Nilipoigusa yakakimbilia mkono wangu, yakaingia kwenye mkono wa koti mpaka kwapani. Nikaukandamiza mkono mwingine ndani ya gunia la juu, katikati ya mahindi. Yalikuwa na joto. Joto la ugali uliofunikwa.

"Imelowa?" akauliza.

"Imelowa, mama."

"Au ni mimi nimetoka jasho? Mimi pia niko na mwili."

Kwa hiyo lile jibu langu halikupunguzwa makali. Lilifika Myanga jinsi lilivyotoka mdomoni mwangu.

"Hapana, mama. Ni sanduku."

"Haya. Sasa nisikilize. Hawa wanawake wako hapo sokoni wanauza na jicho moja, lingine liko kwangu. Nilisema ndiyo mbele yao. Mahindi yakioza, hawatasema ni kosa la broka, broka wamemzoea. Watasema ni kosa la mwenyekiti, alipofushwa na mkwe tajiri. Niwaambie nini?"

Nilifikiri haraka. Nilisema awaambie walete turubai, mikeka, shuka, kila kitu kinachotandikwa, tuyatoe yote leo leo juani.

"Wewe ndiye utawaambia," akasema. "Mimi nilisimama mbele yao kwa sababu yako. Leo simama mbele yao kwa sababu yangu. Nitasikia nikiwa hapa."

Nimezungumza mbele ya watu wengi maishani. Nimeuza mahindi kwa watu waliokuja kununua maharagwe. Lakini safari ile ya kutoka ndani ya kontena mpaka mlangoni ilikuwa ndefu kuliko ya Mombasa. Nilisimama juu ya gunia mlangoni, koti limelowa upande mmoja, soko zima likanyamaza, hata kinyozi akazima mashine. Niliwaambia kwamba mwekahazina alisema kweli na mimi nikamcheka. Niliwaambia sanduku linazuia maji ya nje vizuri sana, lakini lina maji yake ya ndani ambayo sikuyajua, na kwamba mwenyekiti wao aliyajua kabla yangu na akatuma ujumbe na mimi sikusikia. Nikasema anayetaka kunitukana aanze, ila anitukane huku anabeba gunia, maana jua halitusubiri.

Mwekahazina alifunga kilemba upya. Alisema, "Mimi nitakutukana nikiwa hapo juu. Nipe ngazi." Akapanda mwenyewe kushusha magunia ya juu.

Hiyo siku sijaisahau. Turubai zilitoka kila mahali. Padri alifungua uwanja wa kanisa. Boda boda waliacha abiria wakabeba magunia kwenye keria, na yule aliyenitabiria jeneza alikuwa wa kwanza. Ardhi yote ya Myanga ikawa ya manjano na nyeupe, watu wakitembea peku katikati wakiyageuza kwa miguu. Dereva wangu niliyekuwa naye alivua shati na kuingia kazini bila kuambiwa. Safari ya Malaba sikuifanya. Nilivua viatu vyangu vya ngozi nikageuza mahindi na kina mama, na nasema kweli, sikuona mtu aliyegeuza vizuri kuliko mimi.

Yaliyokuwa katikati na chini yalikuwa mazima. Ya juu yalikuwa yameota ukungu wa kijani. Akatokea mpika busaa mmoja akataka kuyanunua yale mabovu kwa bei nzuri tu, ati kwenye pombe hayajulikani. Nikaangalia nyuma ya kontena. Mwavuli mweusi ulikuwa bado pale, na kutoka huko ikaja sauti, sasa haikuelekezwa kwangu bali kwa soko zima, kwamba kitu ambacho hawawezi kukila hawatakiuza. Tulichimba shimo tukayachoma. Mimi nilileta mahindi yangu ya Kitale nikajaza gunia kwa gunia kila yalipopungua. Sikuambiwa na mtu. Niliona tu hivyo ndivyo mtu wa hadhi yangu anavyofanya.

Kesho yake nilimpigia simu mtu mmoja wa kule uani Changamwe, yule aliyeniuzia. Nilimuuliza yale makaratasi ya kaki ya kahawa ni ya nini. Alicheka mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Alisema kontena linatoka jasho, mchana moto usiku baridi, hata mtoto wa Changamwe analijua hilo. Karatasi zinakunywa yale maji kabla hayajafika kwenye kahawa. Na vile vitundu vya juu?

"Hizo ni pua zake, bwana wee. Usije ukaziziba."

Nilimshukuru, nikakata simu. Sikumwambia habari za lami.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nadhani wengi wanaozungumzia bandari hawakielewi. Sisi wa bara tunachukua vitu kutoka bandarini na tunaacha ujuzi wake huko huko. Tunachukua kontena tunaacha karatasi. Tunachukua injini tunaacha yule anayejua mlio wake ukiwa mgonjwa. Mji wa bandari hautajiriki kwa sababu meli zinakuja tu. Unatajirika kwa sababu kila mtu mtaani, mpaka muuza viazi, anajua kidogo kuhusu mzigo unaopita. Nikasema, basi na Myanga itajua.

Nilimleta fundi wa kuchomelea kutoka Bungoma mjini. Tuliitoa lami kwenye pua za kontena, tukakata madirisha mapana tukayawekea wavu wa kuzuia panya, tukaliinua juu ya mawe, tukalijengea paa la mabati juu yake lipate kivuli. Sakafuni nikaweka mbao za paleti nilizookota bandarini. Ukutani kina mama walibandika karatasi za mifuko ya saruji zilizokung'utwa, ndani nje, kwa uji wa unga wa muhogo. Ilipendeza kama sebule ya bibi harusi. Fundi alipofika ukuta wa nyuma na kupima mahali pa dirisha, mke wangu akaja mbio. Mama anasema huko msitoboe. Fundi akashangaa, hewa ingepita vizuri zaidi pande zote. Nikamwambia aachane nao ule ukuta, ubaki mzima.

Mahindi yalirudi ndani yakiwa makavu ya kweli, na yakakaa. Aprili ilipofika lori langu liliyachukua yote mara moja, na kina mama ndio waliopanga bei, mimi nikalipwa usafiri tu kama dereva mwingine yeyote. Kinu chao kikaja, na sauti yake ikawa inasikika mpaka shuleni. Baadaye mtu akaleta kontena la kinyozi, mwingine la kuuza simu na betri, na yule fundi wa kuchomelea akahama Bungoma mjini kabisa akaja kukaa Myanga kwa sababu kazi ya kutoboa masanduku ilimzidia. Yeyote anayeleta jipya hutumwa kwanza kwa mwekahazina aelezwe habari za pua. Anazieleza vizuri, na kila mara anamalizia na habari yangu na jasho lake. Nimezoea. Wakati mwingine namsaidia kukumbuka.

Mimi na mama mkwe hatujawahi kuonana uso kwa uso mpaka leo. Lakini nikipita Myanga siku ya soko naingia kwenye kontena kama mtu anayekagua, nakaa juu ya gunia upande ule wa ukuta mzima, na nasubiri. Si lazima aje. Akija anagonga. Ananiuliza watoto, ananiuliza Kitale kama mvua imenyesha, na kama kweli bahari ina chumvi au ni hadithi ya mabroka.

Mara ya mwisho ya mwaka ule aligonga akaniambia mahindi yameongezeka, vikundi vya jirani vimeomba kujiunga, ghala limekuwa dogo.

"Mkwe wangu, lete lingine."

"Nitaleta, mama. Unataka rangi gani? Kule ziko nyekundu, ziko bluu."

"Rangi ni yako," akasema. "Hakikisha liko na ukuta mzima upande wa huku."